Kinyonga wa Kwenye Ndiva

Sikia, mimi si mtu wa kuona mashetani. Wachawi wa kijiji kizima wakutane mlangoni kwangu, mimi nitalala na kukoroma. Kwa hiyo nikikuambia hili lilinitokea, niamini.

Huku kwetu milimani, juu ya Maore, maji ya mfereji yanajaa usiku kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, na asubuhi mwenye zamu anazibua. Siku ile zamu ilikuwa ya wifi yangu Namsifu, mjane wa kaka yangu. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Akikosa maji, angengoja wiki nzima, na kwa jua lile yangekauka yote. Nilijua. Bado nikadamka kwenda kumwibia. Kisa? Maharage yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Basi! Sina sababu nyingine.

Nafika, kumeshapambazuka, hakuna mtu. Nainama nishike mti wa kizibo, salaale! Kinyonga. Mdogo, hata kidole changu kinamzidi, kaukumbatia ule mti. Jicho moja kwangu, jingine kule shambani kwa Namsifu.

Kinyonga namwogopa kuliko nyoka, ukweli ndio huo. Nikampandisha kwenye kijiti, nikampeleka mbali majanini. Narudi, yupo palepale. Nikasema, huyu ni mwenzake. Nikamhamisha naye. Narudi, yupo! Wewe ungefanyaje? Kinyonga anayetembea kama anapima ardhi, amenitanguliaje mimi mwenye miguu mirefu?

Nikakaa chini. Tukatazamana. Lile jicho la shambani halikubanduka kwenye maharage ya watu, na hapo nikajiona mwenyewe. Miaka yote nimeishi hivyohivyo, jicho moja kwangu, jingine kwa Namsifu. Sufuria zake, paa lake, hata alivyokuwa akicheka na kaka yangu enzi za uhai wake. Nikaona aibu, nikalia.

"Wifi, umemaliza?"

Namsifu huyo, nyuma yangu, jembe begani.

"Nilikuja kukuibia maji," nikamwambia.

"Najua. Nimekaa pale migombani tangu ulipofika. Nilitaka nione utafanyaje."

"Ningeyaiba, wifi. Huyu kinyonga ndiye kanizuia."

"Kinyonga gani? Mimi nimekuona unabeba kijiti kitupu, unakipeleka majanini, unarudi. Mara mbili! Nikasema, jamani, wifi kapatwa na nini leo?"

Nikageuka. Hakuna kitu juu ya ule mti. Mwili ukanisisimka wote. Namsifu akanitazama, akaangua kicheko, nami nikacheka huku machozi yakinitoka. Tukazibua maji yake pamoja.

Tangu siku ile, siku ya zamu yake nashika jembe namsaidia, na yangu ananisaidia. Jioni tunachambua maharage barazani kwake tukipiga soga. Ya kwangu nayo, nilipoanza kuyatazama, kumbe hayakuwa mabaya! Nina raha, nakwambia. Ila kwenye ndiva siendi tena peke yangu.

Nawe siku ukitoka kwenda kuchukua cha mwenzio, ukakuta kiumbe mdogo amekukalia njiani, usimhamishe. Keti hapohapo umtazame vizuri. Maana huenda mwenye mali amejibanza pembeni, anakuona, na bado anaomba urudi kuwa ndugu yake.