Mshale wa Mkaa

Juzi, kwenye ukuta wa zahanati, chini ya picha ya mbu nilisoma neno vekta: mdudu anayebeba vimelea vya ugonjwa. Nikasikia tena harufu ya mkaa.

Nilikuwa mtoto mdogo; biashara za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, na mama alikuwa akiteremka Muze, kijiji cha bondeni, kuuza mitumba. Safari moja alirudi Sumbawanga anatetemeka. Shangazi alisema ameibeba homa ya joto la bondeni. Mchana huo dada yangu, aliyekuwa sekondari, alikaa kando ya kitanda akisoma fizikia kwa sauti ili asilie.

"Hiyo nini, Dada?" nilimuuliza, nikionyesha mshale aliouchora.

"Vekta. Urefu ni ukubwa wa nguvu, ncha ni mwelekeo wake. Hata kwenye hesabu tunaichora hivyo."

Nikaelewa kwamba nguvu huenda inakoelekezwa. Nikachukua kipande cha mkaa jikoni, nikachora mshale sakafuni kutoka kitandani kwenda mlangoni, ili homa irudi Muze.

Mama alinitazama. "Utajichafua, mwanangu," alisema taratibu.

Mkaa uliisha kabla sijafika kizingitini.

Mama hakupona. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kilichopungua ni kipande kimoja tu cha mkaa.