Mstari Uliopinda Ukurasa wa Nne

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani msomaji hawezi kumjali mtu asiyemjua tangu kuzaliwa. Kuchora hadithi za picha nilijifundisha mwenyewe, hivyo hapakuwa na wa kunikataza. Hadithi ya msichana wangu ilianzia leba, ikapita kwa bibi aliyemlea Sengerema, ikapita shuleni. Ukurasa wa kwanza niliuchora upya kila jioni kwa sababu kidole cha mkunga hakikukaa sawa. Kidole tu.

Vijana wenzangu walikuwa wanaandaa jarida, wakanipa kurasa nane. Jumamosi wangepeleka kazi kwa mchapaji, yangu ikiwemo au isiwemo. Kufikia Alhamisi zote nane zilikuwepo, lakini niliogopa kuzionyesha, na ujumbe wa kujitoa nilikuwa nimeshauandika kwenye simu.

Dada yangu ana saluni Mirongo. Alinitaka nizilete kwake kwanza. Kitini alikuwepo mama mmoja muuza vitenge, anasukwa twende kilioni, ile mistari iliyonyooka kwenda kisogoni. Nilimwamkia, akaitikia, akaziona kurasa mkononi mwangu, akasema atasoma. Anayesukwa hageuzi kichwa, basi nilichuchumaa mbele yake nikawa namshikia ukurasa mmoja mmoja. Sijawahi kuogopa vile. Leba, bibi, shule: macho ya mama yakaanza kufumba. Ukurasa wa nne msichana yuko kwenye kivuko cha Kamanga, anafungua furushi lake atoe kanga, na ndani hamna nguo yake hata moja. Kuna gauni la harusi.

Kichwa cha mama kikaja mbele.

"Mama, tulia, mstari unapinda," dada alisema.

"Acha upinde. Gauni la nani hili?"

Nilifungua mdomo nieleze. Dada akanigonga bega kwa kitana.

"Wewe nyamaza. Ukimwambia atalala tena."

Nikaendelea kugeuza. Tulipofika mwisho alitaka kujua kama bibi harusi alilipata gauni lake, jambo ambalo sikuwa nimelichora. Mkunga hakumtaja kabisa. Mstari ulikuwa umepinda kweli, dada akaufumua akaanza upya.

Nyumbani niliziondoa kurasa tatu za mwanzo. Iliniuma, ila nilijua nafanya nini. Bibi nilimpa picha moja tu: msichana ameshika furushi kivukoni, anasema, "Fundo hili siyo alilonifundisha bibi." Malezi yote yamo humo, na balaa lenyewe limeshaanza. Kurasa tatu zilizobaki wazi nilizitumia kumtafuta bibi harusi. Nilizichora kwa haraka, mikono mingine ikatoka kama ndizi, na Jumamosi asubuhi nikazipeleka. Ule ujumbe nilikuwa nimeshaufuta.

Bado naogopa. Lakini sasa kila hadithi naishikia mtu pale saluni kabla ya kuimaliza, na naianza pale kichwa chake kinaposogea.