Siku Nilipolihutubia Godoro

Mpaka leo nikipita soko la Bwera, huku Uganda mpakani na Kongo, kuna mama mmoja wa viazi ananiita "Mheshimiwa", na mimi nacheka tu, lakini uso unawaka moto, kwa sababu yeye na soko zima walinisikia siku ile, neno kwa neno, mpaka chafya yangu waliisikia.

Nauza kwenye duka la magodoro la Hajati Mariamu, na siku za soko kazi yangu (msinicheke) ni kushika maikrofoni na kuwaita wateja kwenye spika iliyo juu ya mlango. Mwenzangu pale ni Masereka. Kuuza anajua, hilo simnyimi, lakini adabu siku ilipogawiwa yeye hakuwepo. Asubuhi namsalimia, ananipita kama mlango. Akinitaka anapiga vidole, ta! ta!, na nikianza kuongea na mteja anakuja kusimama katikati yetu, "Achana na huyu nyabo, yeye iko ya kupiga kelele tu." Jina langu halitaji kamwe, ni nyabo tu, yaani "bibi". Nikamlilia shangazi yangu wa Kasese, akaniambia, "Zaituni, mwambie mwenyewe, ila ufanye mazoezi kwanza, maana wewe ukikasirika unagugumiza."

Basi siku hiyo soko limefurika, Wakongo wamevuka kwa wingi, nami namhudumia mama mmoja aliyekuja kumnunulia bintiye godoro la arusi, mara ta! ta! "Wewe, toka hapo!" Mbele ya mama wa watu! Nikasema moyoni, leo leo. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikachagua godoro moja nene lililoegemezwa ukutani, nikalifanya ndiyo Masereka. Maikrofoni, ile isiyo na waya, bado nimeishika. Nilidhani nimeizima (kile kidude chake, kukisukuma juu ni kuwasha au kuzima, msiniulize).

Nikaanza kwa upole: "Ndugu yangu Masereka, nina neno dogo." Nikaona halina nguvu. Mimi nimekulia kambini, baba yangu askari, kwa hiyo nikajaribu sauti ya afande: "Wewe! Simama wima! Mimi mbwa, unaniita na vidole?" Hiyo ikanoga, nikairudia. Halafu (banange, jamani, hapa ndipo natamani ardhi inimeze) nikajijibu kwa sauti ya Masereka, ile ya puani: "Nisamehe nyabo, mimi kichwa yangu ni sponji tupu." Nikacheka peke yangu, kisha nikajikuta nalia kweli, nalishika godoro mabega, "Nakuamkia kila siku, kwani ukiniitikia utapungukiwa nini?"

Vumbi la sponji likaniingia puani, nikapiga chafya. Na chafya yangu nikaisikia inalia huko nje, kubwa, ng'ambo ya barabara.

Nilipofungua mlango, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Wa bodaboda wamezima pikipiki wasikie vizuri. Mama mmoja wa Kongo, furushi kichwani, akaniambia, "Mama, usiache! Ule mutu alijibu nini tena?" Masereka mwenyewe amesimama katikati ya duka na godoro kichwani, ameshindwa hata kulitua. Na Hajati yuko kwenye kiti chake, ananitazama. Huyu Hajati alishamfukuza msichana kwa kugombana mbele ya wateja, kwa hiyo nikajua kazi imekwenda.

Nikatafuta pa kupita nikimbie, hakuna, mlango wote ni watu. Ndipo nikawaza, Zaituni, ulichokuwa unaogopa kukisema si umeshakisema? Nikaweka maikrofoni chini, nikamkabili, na kwa sauti yangu ya kawaida nikasema, "Masereka, nakuomba unisalimie, na uniite kwa jina langu." Sikugugumiza hata kidogo.

Akalitua godoro polepole. Akajifuta jasho. "Zaituni," akasema (kumbe alilijua!), "nimekosa. Habari ya leo?"

"Nzuri, Masereka. Yako?"

Wee! Vigelegele vilivyopigwa pale, ungedhani bibi arusi anatolewa nje. Hajati akainuka, nikafumba macho. "Kama mmemaliza kusalimiana," akasema, "watu hawa wote mlangoni wauzieni magodoro." Na tuliuza mpaka mikono ikauma, na yule mama wa bibi arusi akalitaka lile godoro langu la stoo, eti limezoea maneno mazito, litamfaa mkwe wake.

Masereka hakugeuka malaika. Ananisalimia kama mtu anayemeza kwinini, lakini anasalimia, na vidole vyake siku hizi vinafunga kamba za magodoro tu. Mimi nami nimekula kiapo: neno la mtu nampelekea mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla halijachoka kungoja likatafuta njia ya kutoka.