Mbuzi wa Praxeda kwenye Karamu ya Alhamisi Kuu

Ukitaka kumjua Praxeda wa Nguvumali, usimuulize umri wala ukoo. Muulize habari za mifugo yake, kisha tafuta pa kukaa, maana huondoki leo. Ni mjane wa miaka sitini na mmoja, Mbondei wa Muheza aliyeolewa mjini, na ua wake unanuka mbuzi tangu mlangoni hadi jikoni. Majirani walishazoea. Asiyezoea, shauri yake.

Sasa, kanisa analosali, kule Mabawa, lina desturi yake. Kila Alhamisi Kuu waumini hula pamoja karamu ya kukumbuka usiku ule wana wa Israeli walipotoka Misri, na mnyama wa karamu hutolewa na mtu mmoja tu, kwa zamu. Awe mwana-kondoo dume, wa mwaka mmoja, asiye na kilema. Tena awe wa kufugwa na mtoaji mwenyewe. Ukinunua mnadani hupokelewi. Ukishindwa, jina lako linashushwa mwisho wa orodha, na orodha ina majina kumi na matano. Praxeda alisubiri miaka kumi na minne hadi zamu ikamfikia. Kondoo wake alikuwa tayari, mnene, mpole, analia akimwona bibi yake akitoka kwenda dukani.

Basi Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi ambapo mnyama huonyeshwa kanisani, mpumbavu yule akaingiza kichwa kwenye gunia la pumba. Akala, akala, akala! Tumbo likavimba likawa ngoma. Kufika alasiri, kibudu.

Praxeda alilia kwa sauti, wala hakuona haya. Usimcheke. Miaka kumi na minne! Akirudishwa mwisho wa orodha, zamu nyingine itamkuta na miaka sabini na mitano, kama itamkuta.

Jumamosi asubuhi akajifuta machozi, akaingia zizini, akamfunga kamba dume la mbuzi jeupe la mwaka mmoja aliyempa jina la Afande, kwa jinsi anavyopenda kutangulia mbele ya wenzake. Akaenda naye moja kwa moja kwa Mzee Rafaeli, mzee wa kanisa, mshika orodha na msomaji wa Maandiko kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Shikamoo, Mzee Rafaeli."

"Marahaba. Huyo nani?"

"Afande."

"Nauliza mnyama gani, mama."

"Mbuzi. Kondoo wangu amekufa jana. Lakini huyu ni wa mwaka mmoja, nimemfuga kwa mkono wangu, hana hata kovu."

Mzee Rafaeli akavua miwani. "Mama Praxeda, pole sana. Lakini mwana-kondoo ni mwana-kondoo. Mbuzi ndio wale watakaosimamishwa mkono wa kushoto siku ya mwisho. Kesho baada ya misa nitalishusha jina lako."

Praxeda akarudi nyumbani amefura kwa hasira, Afande mbele, yeye nyuma. Bi Zeyana, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa kibarazani kwake akipepeta mchele. Huyu asili yake ni Oman, na mwenyewe anafuga kondoo na mbuzi zizi moja.

"Shoga, mbona uso umekukunjana hivyo?"

Praxeda akamweleza yote. Bi Zeyana akaweka ungo chini.

"Makubwa! Mbuzi kakosa nini? Sisi kwenye akika ya mtoto tumeambiwa shaa. Na shaa ni mmoja wa kundi: kondoo sawa, mbuzi sawa. Mwanangu wa kwanza alichinjiwa mbuzi, na watu walikula wakajilamba."

"Hiyo dini yenu, shoga."

"Dini yetu, sikatai. Lakini bibi yangu alikuwa akisema Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Na hao Waisraeli si walikuwa wachungaji? Mchungaji gani huyo wa jangwani afuge kondoo asifuge mbuzi? Hebu nenda kamuulize padri wako, lugha yao wenyewe ilisemaje."

Lo! Praxeda hakusubiri hata kuaga. Alitoka mbio kwenda Mabawa, mguu mmoja una kandambili ya bluu, mwingine ya kijani, na hakujua mpaka alipofika.

Padri wao ni kijana, amehamia pale mwaka jana tu. "Shikamoo, mama," akasema, akamkaribisha ofisini, kisha akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akainuka kuchukua kitabu kinene kabatini. Alipolipata neno, na yeye akaanza kuchangamka.

"Hili hapa. Kiebrania chake ni *se*. Si kondoo peke yake, mama. Ni mnyama mmoja wa kundi, awe kondoo awe mbuzi. Na kundi lenyewe, wote wakiwa wamechanganyika, waliliita *son*. Walichunga pamoja, wakahesabu pamoja. Kiswahili chetu hakina neno moja la kuwabeba wote wawili, ndiyo maana tunasema mwana-kondoo."

"Kwa hiyo Afande ni *se*?"

"Afande ni *se* bila wasiwasi."

Praxeda akapiga kigelegele humo humo ofisini. Padri akacheka, akamwonyesha kiti.

"Ngoja, bado. Hata bila Kiebrania, sikiliza mstari wenyewe unavyoendelea." Akamsomea, kwa Kiswahili hiki hiki cha kila siku, kwamba mnyama huyo wanaweza kumchagua kutoka kwa kondoo, au kutoka kwa mbuzi.

"Imeandikwa hivyo?"

"Tangu zamani."

"Na Mzee Rafaeli husoma hapo kila mwaka?"

"Kila mwaka. Ila mwaka jana, alipofika kwenye 'asiye na kilema', watu waliitika amina, naye akafunga kitabu. Mimi mgeni, nilidhani mmekubaliana wenyewe kutumia kondoo."

Usiku huo, usingizi gani tena? Jumapili, misa ilipokwisha, Praxeda alikuwa wa kwanza uwanjani, na Afande kando yake akitafuna tawi la mnazi la mtu. Mzee Rafaeli akatoka na orodha mkononi.

"Mzee wangu," Praxeda akasema, "kabla hujalishusha jina langu, tusomee ule mstari. Ila leo usome mpaka nukta."

Mzee akafungua Maandiko, akausoma. Alipofika alipozoea kuishia, watu wakaitika amina. Praxeda akasema, "Endelea, mzee." Akaendelea. Akarudia tena kimoyomoyo, midomo ikichezacheza. Uwanja mzima ulilipuka! Huyu anasema nilijua, yule anasema hukujua lolote, na padri katikati anaeleza habari za *se* hadi sauti inamkauka.

Mzee Rafaeli hakubishana. Alimwendea Afande, akamfungua mdomo, akatazama meno, macho, masikio, akainua kwato moja moja.

"Hana kilema," mzee akasema. "Apite."

Vigelegele vikapasua anga. Praxeda alicheza pale pale, na kandambili safari hii zilikuwa pea moja.

Makelele yalipotulia, mwanamke mmoja, Devota, muuza mkaa ambaye kwa kawaida hukaa benchi la nyuma kabisa, akainua mkono. "Kwa hiyo na mimi naweza kuandikwa? Mie nina mbuzi wawili tu. Kondoo sijawahi kuwa naye."

Mkono mwingine ukainuka. Na mwingine. Praxeda akageuka kuwatazama, akaacha kucheza. Waumini mia tatu, majina kumi na matano, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akihesabu la kwake tu. Akaona furaha na aibu kwa pamoja.

Mzee Rafaeli aliketi kwenye ngazi ya kanisa, akaandika majina tisa mapya. Halafu akaongeza moja bila kuulizwa na mtu. Praxeda akachungulia begani kwake, akaona jina lililoandikwa.

"Wewe, Mzee Rafaeli? Miaka yote hii hujawahi kutoa?"

"Ningetoa nini, mama?" akasema, bila kuinua macho kwenye karatasi. "Kwangu nina mbuzi watupu."