Msikia Mawazo Siku ya Tohara

Mwaka huo nilikuwa naandika hadithi ya mwanamke anayesikia mawazo ya watu. Nilimpa kibanda cha nguo sokoni Walukuba, na kipaji chake kikamfaa sana: alijua mteja yupi atanunua na yupi anapitisha muda. Hadithi ikakwama. Kila nilichomwongezea kilikuwa faida, na faida tupu haisimuliki.

Niliiacha mezani Jinja nikaenda Mbale kwa wifi yangu, dada ya mume wangu. Kijana wake wa kwanza alikuwa anatahiriwa. Kwa Wamasaba, kabila la mume wangu, kisu hupita uani, mchana, watu wote wakitazama, na kijana husimama wima bila kupepesa jicho. Akitetemeka, aibu hiyo itasimuliwa mpaka kwa wajukuu zake. Mama haoni. Hukaa ndani na wanawake wenzake, akingoja kipenga kinachotangaza kwamba kazi imeisha na mwanawe hakuyumba.

Mimi ni Msoga, na kwetu tohara si mila. Wanawake walinipokea kwa hilo.

"Wifi wa Jinja," shangazi mmoja alisema, "shukuru tulikutahiria mume. Ungechukua wa kwenu, ungekuwa unalea mtoto mpaka leo!"

Walicheka wote isipokuwa wifi yangu, mama wa kijana.

Asubuhi, nikienda kuchota maji, nilikuwa nimemkuta kijana nyuma ya jiko, uso umepakwa unga wa ulezi na kimea. Alikuwa ameubana mkono mmoja kwa mwingine ili usitetemeke. Tulitazamana. Alipoitwa na wenzake aliinua fimbo yake akaenda akicheza.

Sasa tulikuwa mkekani, mlango umefungwa. Nje ngoma zilinyamaza. Kila mmoja wetu alielewa kwamba ngariba ameingia uani.

"Wewe mwandishi," wifi aliniambia. "Yule mama wa hadithi uliyonisimulia, anayesikia mawazo, bado unaye?"

"Ninaye."

"Leo angesikia nini?"

"Angesikia ngoma tu."

"Ngoma zimenyamaza, wifi. Wewe ulimwona asubuhi. Anaogopa?"

Shangazi alimkemea. Siku hiyo, ndani ya nyumba hiyo, neno hilo halitajwi; inasemekana hutoka mlangoni likamfuata kijana hadi anaposimama. Wifi hakumsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi.

"Macho yake yalikuwa makavu," nilisema.

Ilikuwa kweli, ila si kweli yote. Sikujua kama nimemsaidia wifi au nimemwacha peke yake. Nilibaki na ule mkono uliobanwa, nikiusikia kana kwamba ni wangu, na hapakuwa na mtu wa kumkabidhi.

Kisha kipenga kikalia, kirefu. Vigelegele vikapasuka. Wanawake walisukumana mlangoni, shangazi mbele yao, na mle ndani tukabaki wawili. Wifi alikuwa amenishika kifundo cha mkono.

"Aliogopa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilijua. Hapati usingizi tangu mavuno. Namsikia akigeuka kitandani, naye ananisikia mimi. Nilitaka tu nimsikie mtu mmoja asiyejua kwamba anaogopa."

Akaniachia mkono.

"Yule mama wa hadithi," aliuliza, "ana watoto?"

"Bado."

"Usimpe."

Akajifuta uso kwa leso, akainuka, akatoka nje kucheza.