Koti Alilosingiziwa Shemeji

Tangu Jumatatu fundi baiskeli alikuwa anaomba augue. Mwili wake, ambao siku zote humsaliti kuanzia goti, wiki hiyo uligoma kabisa kuumwa. Jumamosi asubuhi mkewe akamfunga tai, akamkokota hadi makumbusho kwenye maonyesho ya mavazi na picha za zamani.

Picha yake ilikuwa humo. Makumbusho walipotangaza kwamba wanatafuta picha za zamani, mkewe aliipeleka bila kumwambia. Ilimwonyesha fundi akiwa kijana, kavaa koti jeusi, mkono mmoja mfukoni, kidevu juu kama anayemiliki benki. Picha hiyo ndiyo iliyompatia mke. Wakwe waliiangalia wakaridhika kwamba kijana anajiweza.

Shida ni kwamba koti lilikuwa la studio ya picha. Baada ya harusi mkewe aliuliza liko wapi, naye akajibu limeibwa. Wiki hiyo kaka wa mkewe alikuwa amelala kwao siku mbili, basi mke akajumlisha mwenyewe. Fundi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikohoa. Kikohozi hicho kimemtafuna shemeji miaka thelathini na miwili: akija kusalimia, kabati linatiwa ufunguo, akiaga, dada yake anamsindikiza huku akimkagua kwapani.

Na leo shemeji naye alikuwepo. Dereva wa lori mstaafu, mdomo hauna breki.

"Shemeji, mbona jasho? Au koti umelivaa kwa ndani?"

"Joto tu," alisema fundi, chini ya feni.

Njia ya maonyesho ilikuwa ya upande mmoja, mishale imechorwa sakafuni. Fundi aligeuka arudi alikotoka, mlinzi akamzuia kwa adabu inayouma kuliko kofi.

"Mzee wangu, kutoka ni kule mwisho."

Akafuata mishale.

Chumba cha pili, ukuta mzima wa picha: wanaume tisa, koti moja. Mnene, mwembamba, mmoja hana shingo, na katikati yao fundi na kidevu chake. Mkewe alipita picha moja moja, akachungulia vifungo. Kisha akageuka. Fundi alifumba macho.

"Kaka."

"Naam, dada."

"Kumbe hukutosheka kuiba. Ukaanza kuliazimisha mji mzima."

"Mimi?"

"Na huyu mnene ni rafiki yako, usinikatalie."

Fundi alifumbua macho. Mlango wa kuponea ulikuwa wazi kabisa, anachotakiwa ni kukohoa tu. Koo likamwasha.

Lakini shemeji alikuwa ameshaliona koti lenyewe, ndani ya kabati la kioo lililoacha upenyo mwembamba tu ukutani. Akalizunguka polepole, kama anayekagua tairi kabla ya safari. Alipofika nyuma akasimama. Mgongo wa koti ulikuwa umechanwa kutoka kolani hadi chini na kushonewa tepe za kufungia, ili mpiga picha ambane mwembamba na kumwachia mnene. Koti la namna hiyo halivaliwi barabarani. Ukigeuka tu, mgongo wako uko nje.

Shemeji aliinua macho. Fundi aliyaona kupitia vioo viwili. Hayakuwa na utani hata kidogo.

"Dada, njoo huku nyuma."

Fundi akawahi. Alijipenyeza kati ya kabati na ukuta, akaegemeza mgongo kwenye kioo, tumbo likagusa ukuta. Akakwama hapo.

"Baba watoto, sogea nione."

"Siwezi kusogea."

Hilo lilikuwa kweli. Shemeji alimtazama alivyobanwa, wala hakumvuta.

"Dada, mwaka ule mama alipofariki, nililala stendi. Ulisema nyumba imejaa."

Wageni wengine walianza kusogea, na binti anayeongoza wageni alimtambua mzee wa kwenye picha, akafurahi kweli.

"Jamani, mwenye koti tunaye hapa. Mzee, tueleze kidogo habari zake."

Watu wakamgeukia. Shemeji akakunja mikono.

"Tueleze, shemeji. Mimi sina haraka."

Fundi alikohoa. Kikohozi kilitoka kikavu, hakikumsaidia mtu.

"Halikuwa langu," alisema, uso ukiwa ukutani. "Lilikuwa la studio. Halijaibwa. Shemeji hakuiba kitu."

Mkewe alikuwa ameshafika nyuma ya kabati, anachungulia tepe kando ya bega la mumewe. Hakuinua sauti.

"Endelea," alisema.