Uso Chini ya Chokaa

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo niliisikia kabla macho hayajazoea giza la kanisa letu la Kasungami, nikadhani ni panya. Kisha nikamwona kambo, mama mzazi wa mama yangu, amesimama juu ya benchi akikwangua ukuta kwa kisu cha jikoni.

Hapo mume wake, akiwa bado kijana wa mgodini, alichora Siku ya Hukumu. Rangi alijitengenezea: udongo mwekundu, makaa, na jiwe la shaba la kijani alilolisaga kwa ajili ya mabawa ya malaika. Malaika mmoja alimpa uso wa mtoto wao wa kwanza, aliyekufa kwa surua bila kupigwa picha hata moja. Pasaka iliyofuata ilipokaribia, akina mama wa parokia walipaka kanisa chokaa kama kila mwaka, na kambo ndiye aliyeanza na uso ule. Hakuweza kusali ukimtazama. Sasa, miaka mingi baadaye, kesho yake waashi walikuwa wanakuja kubandika vigae ukuta mzima.

“Kambo, shuka, utaanguka!”

“Bwana yangu, unaogopa kubakia bila muke?” alinitania, kama bibi na mjukuu wake.

Miguuni pake vumbi lilikuwa jeupe, lenye chembe za kijani. Kisu kilikuwa kinang'oa chokaa pamoja na bawa. Nikamshika mkono. Nilishasoma kwamba Ulaya picha kama hizi zililala chini ya chokaa karne nyingi katika makanisa ya vijijini. Lakini kilichonijia ni ukuta wa nyumbani, ambao mvua ikiupiga, madoa ya zamani hujitokeza. Nikachovya leso kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni.

“Ile ni mayi ya baraka?”

“Hapana, ni ya waashi.”

“Muzuri. Mungu asiseme tunamuibia.”

Nililowesha ukuta. Likaja paji la uso, sikio, kisha mdomo ulioachama kidogo, kama wa mtoto anayetaka kuuliza kitu.

“Iko yeye,” kambo alisema. “Iko na matwi ya baba yake.” Akaligusa lile sikio.

Nikatoa simu.

“Weka hiyo. Anaangalia miye, haiko we.”

Ukuta ulianza kukauka, na uso ukarudi ndani ya weupe. Nikachovya tena leso.

“Acha,” akasema. “Ile siku nilimupaka na hasira. Leo njo nimemuaga.”

Akashuka, akaviringisha kisu ndani ya kitenge, akatoka. Mlango ule hupiga kelele sana. Aliufunga polepole, kwa mikono miwili.